Ukubwa wa soko la kampuni ya kompyuta una faida gani kwa mnunuzi wa Lamu?

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala ambao hurudi kila mara kamati za shule, vikundi vya akiba na wenye saiba hapa Lamu wanapokutana kuamua wanunue kompyuta za kampuni gani. Hoja ambayo hupewa uzito kuliko zote ni kwamba kampuni inayoongoza kwa mauzo duniani ndiyo salama, na kwamba ile yenye sehemu ndogo ya soko iko njiani kufa na itatuachia mashine zisizo na mwenyewe. Mimi ni fundi wa kompyuta, na naiona hoja hiyo kuwa na ukweli nusu. Nusu ya pili, ambayo haisemwi, ndiyo inayotupotezea fedha.

Kwanza ni vyema tukubaliane sehemu ya soko ni nini. Kampuni za utafiti kama IDC na Gartner huhesabu kila robo mwaka kompyuta zilizotoka viwandani kwenda kwa wauzaji, kisha hugawa jumla hiyo kwa jina la kila mtengenezaji. Hesabu hiyo haituelezi mtengenezaji alibakiwa na nini baada ya kulipa gharama zake, wala haituelezi ni mashine ngapi za miaka iliyopita ambazo bado zinafanya kazi juu ya meza za watu. Mambo hayo mawili, faida ya kampuni na wingi wa mashine zinazoishi, ndiyo yanayoamua kama kampuni itadumu na kama mteja wake atapata kipuri; lakini nafasi ya kwanza, ya pili au ya tatu ndiyo inayotangazwa, na ndiyo inayonukuliwa katika vikao vyetu.

Historia ya biashara hii imejaa makampuni yaliyokuwa makubwa na yasidumu. Kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, inatajwa hadi leo kuwa modeli moja iliyouzwa kwa wingi kuliko modeli nyingine yoyote ya kompyuta, na idadi yake inapita milioni 10. Commodore ilimiliki hata kiwanda chake cha chipu, MOS Technology, na kwa hivyo iliweza kushusha bei mpaka washindani wakashindwa kuifuata. Pamoja na hayo, Aprili 1994 ilifunga milango kwa kufilisika. Mwaka huohuo Compaq iliipita IBM na kuwa ya kwanza duniani, na miaka minane baadaye, yaani 2002, Compaq ilikuwa imemezwa na Hewlett-Packard. Toshiba iliongoza dunia kwa vipakatalishi kwa miaka kadhaa ya muongo wa 1990. Mwaka 2018 iliiuzia Sharp asilimia 80.1 ya biashara hiyo kwa dola takriban milioni 36, bei ambayo kwa jina lenye sifa hiyo ni ndogo mno.

Mfano wa IBM unanigusa zaidi, kwa sababu IBM ndiyo iliyolipatia soko zima umbo lake. Ilizindua kompyuta yake binafsi Agosti 1981, na Desemba 2004 ilitangaza kwamba inaiuzia Lenovo ya China kitengo chote cha kompyuta binafsi, kwa dola bilioni 1.75 ukijumlisha na madeni. Wakati wa kuuza, IBM ilikuwa ya tatu duniani, nyuma ya Dell na Hewlett-Packard pekee. Nyaraka zilizowasilishwa kwa wasimamizi wa masoko ya hisa nchini Marekani zilionyesha kuwa kitengo hicho kilikuwa kimepata hasara ya karibu dola bilioni moja tangu mwaka 2001. Kampuni ya tatu duniani kwa kompyuta binafsi ilikuwa inauza kila siku na kupoteza kila siku.

Msomaji atauliza inawezekanaje. Jibu liko katika uamuzi ambao IBM yenyewe iliufanya ilipokuwa na haraka ya kuingia sokoni: ilinunua prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, kutoka Intel na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha mashine, kutoka Microsoft, na haikuizuia Microsoft kuwauzia wengine mfumo huo. Haukupita muda mrefu kabla ya Compaq kutengeneza mashine iliyoendesha programu zilezile, na baada ya Compaq wakaja wengine wengi. Tangu hapo mnunuzi hakuwa na sababu ya kulipa zaidi kwa ajili ya jina lililo juu ya kifuniko, kwa kuwa ndani yake programu ni zilezile na prosesa ni ileile. Watengenezaji wakabaki kushindana kwa bei, huku Microsoft ikilipwa leseni yake na Intel bei ya chipu yake, awe nani aliyeshinda robo mwaka hiyo. Ni kama fundi wa jahazi wa Matondoni ambaye analazimika kununua mbao zote na matanga yote kwa watu wawili tu wanaojipangia bei: hata akishusha majini vyombo vingi kuliko mafundi wengine wote, utajiri utakuwa kwa wenye mbao na matanga.

Kwa hivyo zipo sehemu mbili za soko, na kuzichanganya ndiko kunakotupoteza. Ipo sehemu ya mtengenezaji, na ipo sehemu ya mfumo. Sehemu ya mfumo ina uzito mkubwa sana, na hapo sina ubishi na yeyote: mwandishi wa programu ya uhasibu huiandikia mfumo wenye watumiaji wengi, na watumiaji huenda kwenye mfumo wenye programu nyingi, na mzunguko huo ukishaanza ni vigumu kuuvunja. Lakini wingi huo ni mali ya Windows, mfumo wa Microsoft. Mwenye kipakatalishi cha Lenovo, cha Dell, cha Acer au cha kampuni ambayo jina lake halijulikani ng'ambo ya mji wake, wote wanaufaidi kwa kiwango kimoja. Mtengenezaji akianguka kesho, programu za mteja wake zitaendelea kufanya kazi kesho kutwa.

Apple ndiyo iliyo katika hali tofauti, kwa kuwa yenyewe hutengeneza mashine na mfumo pia, na kwa hivyo sehemu zake mbili za soko ni kitu kimoja. Wanaodai kwamba ukubwa wa soko ndio kila kitu hupenda kuutaja mwaka 1997, Apple ilipopata hasara ya zaidi ya dola bilioni moja huku sehemu yake ya soko la dunia ikiwa chini ya asilimia tano. Mwaka huo Michael Dell, mwanzilishi wa kampuni ya Dell, aliulizwa angefanya nini kama angekuwa msimamizi wa Apple, naye akajibu kwamba angeifunga na kuwarudishia wanahisa fedha zao. Maneno hayo yalionekana ya busara wakati ule. Hata hivyo mwaka wa fedha wa 1998 Apple ilipata faida ya zaidi ya dola milioni 300, na haikuipata kwa kuteka soko. Steve Jobs, aliyekuwa amerudi katika kampuni aliyoianzisha na wenzake mwaka 1976, alikata orodha ndefu ya modeli mpaka zikabaki chache, na Agosti 1998 ikatoka kompyuta mpya, iMac.

Katika kisa hicho kuna jambo ambalo wenye mapenzi na Apple hulipita haraka, nami naona ndilo lenye somo kubwa kuliko mengine. Kuanzia mwaka 1995 Apple ilikuwa imezipa leseni kampuni nyingine, Power Computing ikiwa mojawapo, zitengeneze mashine zinazoendesha mfumo wa Macintosh, yaani wa kompyuta za Apple. Nia ilikuwa hasa kukuza sehemu ya soko: mashine zikiwa nyingi, programu zitakuwa nyingi, na wateja wataongezeka. Kilichotokea ni kwamba kampuni hizo ziliwafuata wateja walewale wa Apple, tena wale wanaonunua mashine za bei ya juu zenye faida nzuri, na ada ya leseni haikufidia pengo hilo. Jobs aliisitisha mipango hiyo mwaka 1997, na Apple ikainunua biashara ya Macintosh ya Power Computing kwa hisa za thamani ya dola milioni 100. Yaani kampuni ililipa ili sehemu ya soko ya mfumo wake isikuzwe na mikono ya wengine, na ikapona.

Lakini haki itendeke kwa upande wa pili. Agosti mwaka huohuo wa 1997 Microsoft ilinunua hisa za Apple zisizo na kura kwa dola milioni 150, na ikaahidi kuendelea kutoa programu za Office kwa Macintosh kwa miaka mitano. Watu hukumbuka zile fedha, ilhali ahadi ya Office ndiyo iliyokuwa na uzito, kwa sababu kompyuta ya ofisi isiyoweza kufungua barua za ofisi nyingine haina mnunuzi. Mwenye mfumo wake mwenyewe anahitaji wateja wa kutosha ili wenye programu wasimwache. Kipo kiwango ambacho akishuka chini yake hata ubora haumsaidii, na Apple ilikuwa karibu sana na kiwango hicho. Juu ya kiwango hicho, kila asilimia ya ziada ina thamani ndogo kuliko inavyodhaniwa. Hata leo kompyuta za Apple ni takriban moja katika kila kumi zinazouzwa duniani, na hakuna anayezungumza tena habari ya kuifunga. Tukumbuke pia kwamba ilipoanza kutumia chipu zake yenyewe katika kompyuta Novemba 2020, kazi ya kuzibuni chipu hizo ilikuwa imeshajengwa kwa miaka mingi juu ya mauzo ya simu. Wingi uliokosekana katika kompyuta ulipatikana kwingine.

Ukubwa una faida nyingine ambayo ni ya kweli, nayo ni nguvu ya kununua. Anayeagiza skrini, chipu za kumbukumbu na diski kwa mamilioni hupata bei ambayo mdogo haipati, na vipuri vinapoadimika yeye huhudumiwa kwanza. Kisa cha Hewlett-Packard kinalionyesha jambo hili kwa pande zote mbili. Agosti 2011 kampuni hiyo, ikiwa ndiyo ya kwanza duniani kwa kompyuta binafsi, ilitangaza kwamba inafikiria kukitenga kitengo cha kompyuta, kwa kuwa faida yake ilikuwa kama senti tano au sita katika kila dola ya mauzo. Oktoba ya mwaka huo, chini ya mkurugenzi mpya Meg Whitman, ilighairi. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba kitengo hicho ndicho kilichoipa kampuni nzima uwezo wa kununua vipuri kwa bei nafuu, hata vya kompyuta kubwa za seva ambazo huleta faida zaidi. Basi nafasi ya kwanza haikuwa na faida ya kutosha kumfurahisha mwenyewe, na wakati huohuo ilikuwa na manufaa ambayo hakuweza kuyaacha.

Sasa nirudi kwetu, kwa sababu vikao vya Lamu havinunui hisa za makampuni haya, vinanunua mashine.

Vipakatalishi vingi vinavyofika Lamu si vipya. Ni mashine za ofisi za Ulaya, nyingi kutoka Uingereza, ambazo zilitumika miaka mitatu au minne, zikakusanywa, zikasafishwa na kuuzwa Nairobi na Mombasa, kisha zikapanda basi hadi Mokowe na kuvuka kwa boti. Ndiyo maana meza yangu imejaa ThinkPad za Lenovo, EliteBook na ProBook za HP, na Latitude za Dell: hizo ndizo ofisi za huko hununua au kukodi kwa mamia. Kwa hivyo ipo sehemu ya soko inayotuhusu sana, lakini ni ile iliyokuwa katika ofisi za Ulaya miaka kadhaa iliyopita. Ripoti ya robo mwaka huu haina habari nayo. Kampuni inaweza kupanda leo kwa kuuza vipakatalishi vya bei nafuu madukani Asia au Marekani, na kupanda huko kusiwe na athari yoyote kwa kibodi ninayoitafuta mimi.

Na vipuri ndio msingi wa jambo lote. Hewa ya bahari hula miguu ya chipu na viunganishi, vumbi la mchanga hujaza feni, bawaba hukatika, betri huvimba. Mashine ambayo ndugu zake ni wengi nchini hupona, kwa kuwa hata iliyokufa huzitolea wenzake kioo, kibodi na kumbukumbu. Mashine ya kipekee, hata ikiwa bora kuliko zote, husubiri kipuri kutoka nje, na mara nyingi bei ya kukileta hukaribia bei ya mashine nyingine. Hapa modeli ina maana kuliko kampuni. Kampuni moja kubwa huweza kuwa na modeli ambayo vipuri vyake viko kila duka la Mombasa, na modeli nyingine ambayo hakuna fundi aliyewahi kuifungua. Na zipo nyingi siku hizi ambazo kumbukumbu imechomelewa juu ya bodi, ikiharibika hakuna la kubadilisha ila bodi yenyewe. Anayenunua kwa kuangalia jina tu hataitambua tofauti hiyo mpaka siku ya kuniletea.

Kuna jambo lingine ambalo halikuangalia jina wala cheo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 haikubali rasmi mashine zisizo na kinga ya usalama iitwayo TPM 2.0 wala prosesa nyingi za Intel zilizotoka kabla ya mwaka 2017. Mashine nyingi zilizotufikia ni za umri huo. Mtengenezaji wake awe wa kwanza duniani au wa kumi, zote zimekumbwa na tarehe moja, na wenyewe sasa wanapaswa kuchagua kati ya kutumia mfumo usiopata masasisho, kuhamia mfumo mwingine wa Linux, au kununua upya. Uamuzi huo ulifanywa na mwenye mfumo, kama nilivyoeleza hapo juu, na hakuna sehemu ya soko ya mtengenezaji iliyoweza kuuzuia. Sheria nazo zinabadilisha hesabu: Umoja wa Ulaya umeagiza vipakatalishi vinavyouzwa huko kuanzia Aprili 2026 vichajiwe kwa tundu moja la USB-C, na mashine hizo zitakapotufikia baada ya miaka michache, suala la chaja ya kampuni fulani, ambalo leo hutusumbua sana, litakuwa limepungua kwa kiasi kikubwa.

Serikali yetu yenyewe imeshaonyesha kwamba wingi unaweza kujengwa nchini bila kutegemea orodha ya dunia. Katika mpango wa elimu ya dijitali kwa shule za msingi, ulioanza kusambaza vifaa mwaka 2016, zabuni zilikwenda kwa Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na JP SA Couto ya Ureno, na kwa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kikishirikiana na Positivo BGH. Hakuna hata moja kati ya kampuni hizo za kigeni inayotajwa miongoni mwa tano za kwanza duniani, lakini vifaa zaidi ya milioni moja vya aina chache viligawanywa katika shule za nchi nzima. Kwa fundi, hilo ni soko kubwa la kutosha kabisa kuhalalisha akiba ya vipuri, ikiwa mkataba umetaja vipuri.

Kwa hivyo naziomba bodi za shule na ofisi za kaunti zinazoandika zabuni ziache kuuliza kampuni ni ya ngapi duniani, na badala yake zimtake muuzaji aandike mambo yanayoweza kuthibitishwa: kwamba betri, kibodi, kioo na bawaba za modeli anayoileta zinapatikana Mombasa, na kwa bei gani, kwamba kumbukumbu na diski vinaweza kufunguliwa na kubadilishwa, na kwamba mfumo endeshi uliomo utapata masasisho mpaka mwaka gani. Shule itakayonunua mashine thelathini za modeli moja itakuwa na nguvu kuliko ile iliyonunua thelathini za modeli saba, hata kama hizo saba zote zimetoka kwa kampuni inayoongoza.

Limebaki jambo moja ambalo ningependa mafundi wenzangu wa Malindi, Kilifi na Mombasa walichangie kupitia safu hii. Modeli zilizoenea sana ndizo zinazovutia betri za kuiga, na betri hizo huuzwa kwa nembo ileile na kwa bei ya kushawishi, kisha huvimba kabla ya mwaka kwisha. Huo ni upande wa wingi ambao hauandikwi popote. Iwapo kuna duka katika Pwani linalozipima betri kabla ya kuziuza na kutoa hakikisho la maandishi, shule zetu zingefaidika kulijua sasa, kabla ya kufungua muhula.

Fundi wa kompyuta,
Langoni, Lamu.